Je, Wajua? Freddy wa Berlin, kijana aliyetengenezwa awe onyo

Je, wajua kwamba mwaka 1956, huko Ujerumani Magharibi, mtu wa miaka 19 alikuwa bado mtoto mbele ya sheria? Utu uzima ulianzia miaka 21, na hali hiyo ilidumu hadi Januari 1, 1975, sheria mpya ilipouteremsha hadi 18. Kijana angeweza kuwa na kazi, mshahara na mchumba, hata ndevu za kuringia, lakini akitaka kuoa au kuandikiana mkataba mzito na mtu, idhini ya wazazi ilitakiwa. Na ndani ya nyumba, baba ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Baba na mama wakivutana juu ya mtoto, sheria ilimpa baba ushindi. Kifungu hicho kilifutwa na Mahakama ya Katiba Julai 1959, kwa kuwa kiligongana na usawa wa mume na mke uliokuwa umeandikwa katika katiba tangu 1949. Miaka kumi, sheria mbili zikitazamana kama paka na panya.

Shika hilo mkononi unapoketi kuitazama Die Halbstarken, filamu ya uhalifu ya rangi nyeusi na nyeupe iliyotoka Septemba 1956. Stelingi wake ni Freddy Borchert, miaka 19, mkaazi wa Berlin. Baba kamtoa nyumbani. Freddy anajikimu kwenye kituo cha mafuta, anavaa koti la ngozi, anatamba na gari kubwa la Kimarekani, na ana genge la vijana wanaomtii kwa sababu moja tu: yeye haogopi, au anajua kuificha hofu. Ana msichana, Sissy. Ana mdogo wake, Jan, aliyebaki nyumbani, mpole, anayeheshimu saa za kurudi. Ndugu hao wawili wanakutana baada ya muda mrefu kwenye bwawa la kuogelea, ugomvi unazuka papo hapo, na kutoka hapo hadithi inateremka mlima bila breki.

Freddy anapanga kuteka gari la posta. Mpango umekaa sawasawa: kila mtu na nafasi yake, saa zimelinganishwa. Wanafanikiwa. Wanayafungua magunia, na ndani hamna pesa. Ni karatasi tupu za posta. Nimeona filamu nyingi za ujambazi, na nyingi zinapenda ule muda wa kuzimwaga noti mezani. Hii inawanyima vijana wake furaha hiyo, na inamnyima pia mtazamaji. Kwangu hiyo ndiyo hila bora kuliko zote katika hati hii ya filamu. Jambazi aliyepata pesa anaweza kuacha. Aliyekosa, tena mbele ya wenzake, lazima arudi tena, na safari hii amebeba aibu pamoja na bastola. Ndipo wanapokwenda kuvunja nyumba ya tajiri mmoja mwenye asili ya Italia, risasi zinalia, na mwisho wake hautakuwa siri kwa yeyote aliyewahi kuona filamu za miaka ile.

Je, wajua aliyeandika hadithi hii alikuwa mtu wa magazeti? Will Tremper, aliyezaliwa 1928, alijifunzia kazi ya kuandika na kupiga picha katika Berlin ya baada ya vita, mji uliokuwa na habari za polisi za kutosha kumshibisha mwandishi yeyote. Aliandika filamu hii akishirikiana na mwongozaji wake, Georg Tressler. Ladha ya magazeti inaonekana: watu wanaingia na kutoka haraka, mazungumzo ni mafupi, na hakuna anayesimama kuhutubia. Miaka miwili baadaye Tremper aliandika Nasser Asphalt, iliyomhusu bosi wa habari anayebuni kisa kizima kisichokuwepo na kukiuza kwa dunia. Mwandishi akiandika juu ya waandishi waongo, msikilize. Huwa anajua jikoni kunapikwaje.

Tressler naye ana historia ya kushangaza. Alizaliwa Vienna mwaka 1917, mtoto wa Otto Tressler, mwigizaji mkubwa wa jukwaa la Burgtheater. Kabla ya kupewa filamu ndefu hata moja, alikuwa akitengeneza filamu fupi za kutangaza Mpango wa Marshall, ule mfuko wa fedha za Marekani uliosaidia kuiinua Ulaya Magharibi baada ya vita. Yaani miaka kadhaa alikuwa akiwaonyesha watu namna misaada, mashine na kazi vitakavyoleta maisha mema. Kisha kazi yake ya kwanza ya sinema ikawa juu ya vijana ambao maisha mema yamefika mlangoni kwao na hayajawafaa kitu. Alichokwenda nacho kutoka huko kwenye filamu fupi ni mazoea ya kupiga picha nje, barabarani, mahali palipo na watu. Mpiga picha wake, Heinz Pehlke, aliipeleka kamera mitaani wakati sinema ya Ujerumani ilikuwa imenogewa na filamu za milima ya rangi, mabinti wa vijijini na nyimbo za kupoza roho. Katika soko hilo, ukuta mchafu wa Berlin wenyewe ulikuwa tukio.

Muziki ni wa Martin Böttcher, jazi kali yenye matarumbeta yasiyoomba radhi. Huyuhuyu ndiye baadaye aliyetunga muziki mpana, wa upepo wa nyika, wa filamu za Winnetou, ambao Wajerumani wengi waliozaliwa baada ya vita wanaujua kwa kuupiga mluzi.

Sasa tumgeukie Horst Buchholz, kwa maana bila yeye tusingekuwa tunazungumza.

Alizaliwa Berlin Desemba 4, 1933, mwaka uleule ambao Hitler alishika madaraka, na akakulia mtaani kwa watu wa kazi. Jina la Buchholz alilipata kwa baba wa kambo, fundi viatu. Wakati wa vita alihamishwa pamoja na watoto wengine kwenda Silesia, mbali na mabomu, na vita vilipokwisha akajikuta katika nyumba ya kulelea watoto huko Chekoslovakia. Akarudi Berlin mara alipoweza. Ukimtazama Freddy anavyoingia chumbani, bega moja mbele, macho yakitafuta mlango wa kutokea kabla hajaketi, hutaamini kwamba yote hayo alifundishwa na mwongozaji.

Watu walimwita James Dean wa Ujerumani, na jina hilo lilimganda. James Dean alikufa ajalini Septemba 30, 1955. Filamu yake ya kijana mwenye koti jekundu ilifika kwenye sinema za Ujerumani mwaka 1956, miezi michache tu kabla ya Freddy. Mwaka mmoja nyuma yake alikuwa amepita Marlon Brando na pikipiki yake. Kwa hiyo hakuna ubishi kwamba watengenezaji walijua soko linataka nini. Tena mtayarishaji wao, Wenzel Lüdecke, ndiye mwanzilishi wa Berliner Synchron, kampuni iliyokuwa ikizitia filamu za kigeni sauti za Kijerumani. Buchholz mwenyewe alikuwa amepitia kazi hiyo ya kuwatilia wengine sauti ndani ya chumba chenye giza. Lakini kufananisha kuna mipaka. Kijana wa James Dean ana nyumba nzuri, wazazi wenye pesa na uchungu usiojulikana umetoka wapi. Uchungu wa Freddy unajulikana umetoka wapi. Umeketi mezani, unakula supu, unamfokea mama yake.

Hapo ndipo penye moyo wa filamu hii, na nasema hivyo nikijua kwamba mabango yake yaliuza bastola na busu. Mzee Borchert ana deni. Alimdhamini mtu, mtu hakulipa, na sasa nyumba nzima inamlipia kwa roho zao. Mke hasemi lolote ambalo halitageuzwa kuwa kosa. Jan akichelewa, mezani pamechafuka. Picha hizo za nyumbani ni chache, labda kwa kuwa hazikuwa na kelele za kutosha kwa wenye sinema, lakini kila moja inafanya kazi kubwa kuliko kufukuzana kote. Mwigizaji Viktoria von Ballasko, anayecheza mama, anasimama jikoni kama mtu aliyejifunza kupumua polepole ili asisikike. Kumbuka pia sheria ya siku hizo: hadi katikati ya mwaka 1958, mume aliweza hata kuusitisha mkataba wa ajira wa mkewe akiona kazi hiyo inaharibu mambo ya nyumbani. Mama huyo angekwenda wapi?

Ni hapo pia filamu inaponishangaza kwa kile isichokigusa. Mwaka ni 1956. Vita vimekwisha miaka 11 iliyopita. Mateka wa mwisho wa Kijerumani walitoka Umoja wa Kisovieti mwishoni mwa 1955 na mwanzoni mwa 1956, yaani wakati hati ya filamu ilikuwa ikiandikwa. Kila baba wa rika la mzee Borchert alikuwa mahali fulani, akifanya jambo fulani, kati ya 1939 na 1945. Hakuna anayemuuliza. Hasira yake imewekewa sababu ya deni, na watu wa wakati ule wakaridhika. Mimi siridhiki, ingawa najua mwongozaji aliyetaka filamu yake ionyeshwe kila mji asingeanza kwa kuwauliza wanunuzi wa tiketi walikuwa wapi wakati wa Hitler.

Je, wajua Karin Baal, aliyecheza Sissy, alikuwa na miaka 15 tu filamu ilipopigwa? Alizaliwa Berlin Septemba 1940, hakuwa mwigizaji, na alichaguliwa kati ya mamia ya wasichana waliojitokeza kwenye usaili uliotangazwa kwa umma. Walimtaka msichana wa kufanana na Marina Vlady, nyota wa Ufaransa wa siku hizo. Wakampata mwingine kabisa, mwenye uso unaohesabu. Sissy hapayuki, halii, anapima. Anajua bei ya viatu, anajua mama yake amezeeka kwa sababu gani, na hataki kuzeeka hivyo.

Na hapa nina ugomvi na filamu hii. Kadiri inavyokaribia mwisho, inamtwisha Sissy mzigo wote. Freddy, ambaye ametukana, amepiga watu na kuteka gari la serikali, anakuja kugundulika kuwa ndani ana moyo mwema. Sissy ndiye mwenye tamaa, ndiye anayefyatua bastola, ndiye anayempiga risasi mzee na kisha kumgeukia mpenzi wake. Nusu saa nzima tumeonyeshwa kwamba tatizo limo katika nyumba ya Borchert, kisha tunaambiwa kumbe tatizo lilikuwa msichana. Ni njia ya mkato. Ilimsalimisha baba, ikamsafisha kijana, na wazazi walioketi ukumbini wakaondoka na mtu wa kumlaumu ambaye hakuwa wao. Wapo watakaosema filamu za uhalifu za wakati ule zilijaa wanawake wa namna hiyo, nao wana haki. Ila wale wa Hollywood walikuwa watu wazima wenye historia ndefu. Huyu ni mtoto wa miaka 15.

Baal mwenyewe hakuishia kwa Sissy. Alicheza katika filamu za upelelezi zilizotokana na vitabu vya Edgar Wallace, na mwongozaji Rainer Werner Fassbinder alipomhitaji mama wa Lola katika filamu Lola ya mwaka 1981, alimwita yeye. Alifariki Novemba 2024, akiwa na miaka 84.

Kuhusu jina: lilikuwapo kabla ya filamu. Clemens Schultz, mchungaji wa mtaa wa bandarini wa St. Pauli huko Hamburg, alitoa kitabu kidogo mwaka 1912 kikiwa na kichwa hichohicho cha Die Halbstarken, akiwalalamikia vijana wanaosimama kwenye kona za mitaa mikono mfukoni, wanaodhani wameshakuwa wanaume. Kwetu tungewaita vijana wa kijiweni. Kwa hiyo babu aliyemsema vibaya Freddy mwaka 1956 huenda yeye mwenyewe alisemwa vibaya na mchungaji.

Je, wajua kwamba filamu hii ilitoka katikati ya fujo halisi? Mwaka huo wa 1956, katika miji mingi ya Ujerumani Magharibi na Berlin, makundi ya vijana yalianza kufunga barabara, kupindua vitu, kuzima magari na kuchokoza polisi bila dai lolote la kisiasa ambalo mtu angeweza kuliandika. Hilo la kukosa dai ndilo lililowatia wakubwa wasiwasi kuliko vioo vilivyovunjwa. Filamu ya Bill Haley, mwanamuziki wa rock 'n' roll, ilipofika, vijana walitoka ukumbini wakicheza barabarani, na polisi wakaja na virungu. Huko Dortmund, Desemba 1956, ghasia ziliendelea siku kadhaa. Kilele kilikuwa Oktoba 26, 1958, Bill Haley alipopiga muziki mwenyewe katika ukumbi wa Sportpalast, Berlin. Waandaaji walimtanguliza Kurt Edelhagen na bendi yake ya jazi. Watu wakamzomea, kisha viti vikaanza kuruka.

Sportpalast. Ukumbi huohuo ambao Februari 18, 1943, Joseph Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, alisimama mbele ya umati akiuuliza kama unataka vita kamili, na umati ukapiga kelele kukubali. Baada ya usiku wa Bill Haley wazee walisikitika sana juu ya viti vilivyovunjika.

Tumesema Freddy alikuwa mtoto mbele ya sheria ya mikataba. Je, mbele ya hakimu? Hapa Ujerumani Magharibi ilikuwa imepiga hatua. Sheria ya mahakama za vijana ya Agosti 1953 iliruhusu hata wenye miaka 18 hadi 20 kuhukumiwa kama vijana, ikiwa hakimu ataona ukuaji wao haujakamilika au kosa lenyewe ni la kitoto. Kifungo kirefu kabisa kwao kilikuwa miaka 10. Kwa makosa madogo kulikuwa na adhabu ya kuwekwa ndani siku chache, hata mwishoni mwa wiki tu, kijana akaingia Jumamosi na kutoka kwa wakati wa kuwahi kazini Jumatatu. Adhabu hiyo ilibuniwa mwaka 1940, chini ya utawala wa Hitler, na ikabaki vitabuni baada ya utawala huo kuondoka. Freddy na posta yake wasingeponea kwa mwisho wa wiki mmoja, bila shaka. Lakini hakimu angelazimika kuuliza amelelewaje, swali ambalo filamu inaliuliza vizuri kuliko inavyolijibu.

Kisha kuna upande wa pili wa mji. Ukuta wa Berlin ulijengwa Agosti 13, 1961. Kabla ya hapo mtu wa Berlin Mashariki aliweza kupanda treni na kushuka Magharibi, na karibu na mpaka kulikuwa na sinema zilizowafungulia milango watu wa Mashariki kwa fedha zao dhaifu, kiwango cha moja kwa moja, bila kuwakata. Vijana wa Mashariki walizijaza. Walimwona Brando, walimwona Dean, na hakuna sababu ya kudhani walimkosa Freddy.

Serikali ya Mashariki haikufurahi, lakini kampuni yake ya filamu, DEFA, ilikuwa na watu wawili wenye vipaji: mwongozaji Gerhard Klein na mwandishi Wolfgang Kohlhaase. Agosti 1957 wakatoa Berlin – Ecke Schönhauser. Vijana wanakutana chini ya reli ya juu ya mtaa wa Schönhauser Allee, mahali pasipo na mvua wala wazazi. Mmoja wao, Kohle, anajisifu kwa wingi wa filamu alizoziona Magharibi, na anarushia jiwe taa ya barabarani kwa kuwekeana dau la marki moja ya Magharibi. Dieter, anayechezwa na Ekkehard Schall, hana baba wala mama, vita viliwachukua. Angela hana baba. Mama yake ana rafiki wa kiume, na rafiki akija, binti anatumwa nje. Kohle anapigwa na baba wa kambo. Yule ambaye wazazi wake wana mali, Karl-Heinz, ndiye anayeiba vitambulisho na kuviuza, na ndiye anayekuja kuua.

Kwa ghafla Dieter na Kohle wanaamini wamemuua Karl-Heinz, wanakimbilia Magharibi, na kambi ya wakimbizi inawapokea kwa fomu na maswali. Kohle anasikia kwamba atatenganishwa na rafiki yake na kusafirishwa kwa ndege. Ili apate homa abaki, anakunywa kahawa iliyochanganywa na tumbaku. Anakufa. Dieter anarudi nyumbani, Mashariki, kwa afisa wa polisi mwenye huruma kama mjomba. Afisa huyo ni propaganda tupu. Hakuna polisi wa namna hiyo upande wowote wa Berlin ya 1957. Lakini watoto wale chini ya reli si propaganda. Nikiziweka filamu hizi mbili mezani, ile ya Mashariki inaona mbali zaidi juu ya wazazi na vita, na ile ya Magharibi inaona karibu zaidi juu ya mwili wa kijana: jinsi anavyotembea, anavyovuta sigara, anavyotaka kutazamwa. Klein na Kohlhaase walirudia mada hiyo mwaka 1965 katika Berlin um die Ecke, na safari hii chama kikaifungia kabatini. Watu waliiona kwa mara ya kwanza miaka zaidi ya 20 baadaye.

Je, wajua kwamba Freddy alisafiri hadi Marekani kwa jina la bandia? Wanunuzi wa huko waliibatiza filamu Teenage Wolfpack na wakaiuza kama filamu ya wahuni wa kawaida. Jina la Horst Buchholz liliwashinda, au liliwatisha kwa Ujerumani wake, wakamwandika Henry Bookholt. Miaka michache baadaye hawakuwa na haja ya kumficha: mwaka 1960 alikuwa Chico, yule kijana mwenye pupa katika The Magnificent Seven, akiwa Mjerumani anayecheza Mmeksiko mbele ya Yul Brynner mzaliwa wa Urusi. Mwaka uliofuata alikuwa Berlin akipiga One, Two, Three ya Billy Wilder, akicheza mkomunisti mwenye hasira, pale ukuta ulipoota ghafla katikati ya kazi. Lango la Brandenburg likawa halifikiki, na Wilder akalazimika kujenga jingine la bandia kwenye studio za Munich.

Wengi watamkumbuka zaidi kwa sura moja ya uzeeni. Katika La vita è bella ya Roberto Benigni, mwaka 1997, ndiye daktari wa Kijerumani anayependa vitendawili. Ndani ya kambi ya mauaji anamvuta kando Myahudi aliyewahi kumhudumia hotelini. Tunadhani anataka kumwokoa, kumbe anataka msaada wa kufumbua kitendawili kinachomkosesha usingizi. Sijui kama kuna mwigizaji mwingine aliyeanza kwa kucheza mtoto wa kizazi kile cha kina baba na akamalizia kwa kuwacheza wao.

Alifariki Berlin Machi 3, 2003. Mwanawe, Christopher, alitoa filamu ya maisha halisi juu yake mwaka 2005, Horst Buchholz … mein Papa, ambamo mwana yuleyule mwenye kamera anamuuliza baba maswali, na baba hatoi majibu yote.

Christian Doermer, yule Jan mpole, alipita njia nyingine. Februari 1962 alikuwa mmoja wa watu 26 waliotia saini tamko la Oberhausen, walipotangaza kwamba sinema ya zamani ya Ujerumani imekufa na wao wanataka kutengeneza mpya. Wachambuzi huwa wanaanzia hapo kuhesabu sinema mpya ya Ujerumani. Mimi nadhani dalili zilikuwepo tangu 1956, kwenye kituo kimoja cha mafuta Berlin, ila wenyewe walioona hawakuwa na tamko.

Mwaka 1996 televisheni ya Ujerumani iliirudia hadithi nzima, mwongozaji akiwa Urs Egger na Freddy akiwa Til Schweiger, nyota mkubwa wa siku hizo. Schweiger alizaliwa Desemba 1963, kwa hiyo alikuwa na miaka 32 akijifanya kijana aliyefukuzwa na baba yake. Buchholz alikuwa na 22. Ni tofauti ya miaka kumi tu, lakini mtu wa 32 akifukuzwa nyumbani watazamaji wanauliza alikuwa bado anafanya nini pale. Ukipata nafasi ya kutazama moja, chukua ya 1956. Na ukipata jioni mbili, ya pili mpe Dieter na wenzake wa chini ya reli.